Mzee wa Josho Alivyovua Kofia

Ukimwamkia Mzee wa Josho, hakuitikia marahaba akanyamaza kama wazee wengine. Aliitikia, "Marahaba, nimechoka." Asubuhi kabisa, ukungu bado umelala juu ya mahindi, yeye tayari amechoka. Nikamuuliza mara moja, "Babu, si umeamka sasa hivi? Umechoshwa na nini?" Akanitazama kama mtu anayetazama ndama asiyejua kunyonya.

"Kuchoka si ugonjwa, mjukuu wangu. Ni kazi nyingine. Naifanya pamoja na hii."

Hii ilikuwa josho. Kama hujaliona, ni mtaro mrefu wa saruji, mdomo wake una kina cha kumzamisha ng'ombe mpaka pembe, halafu sakafu inapanda ngazi kwa ngazi mpaka nje. Ndani yake kuna maji yenye dawa ya kupe, rangi ya chai ya maziwa iliyochacha. Ng'ombe wanapita kwenye uchochoro wa nguzo, mmoja nyuma ya mwenzake, wanafika ukingoni, wanaruka, wanaogelea, wanatokea upande wa pili wakichuruzika na kununa. Siku yake ni Alhamisi. Wanakuja ng'ombe wa kata yetu yote ya Ganako, na Alhamisi hiyo hiyo mimi na mama tulikuwa pale na jiko la mkaa, tunauza chai na mandazi. Nilianza kwenda nilipoachia shule kidato cha pili, na hapo ndipo nilipomzoea yule mzee, mpaka nikawa navijua vikohozi vyake kwa zamu: hiki cha asubuhi, hiki cha dawa, hiki cha kumkatiza mtu anayeongea upuuzi.

Cha kunikatiza mimi nilikisikia sana. Mimi nina ndoto zangu. Nilikuwa nasema, na bado nasema, kwamba ipo siku nitaendesha gari la watalii, lile lenye paa linaloinuka, nitawashusha kreta ya Ngorongoro na kuwaonyesha vifaru. Mzee wa Josho alikuwa anakoroga dawa yake kwa mti mrefu huku ananisikiliza.

"Utawaonyesha simba?"

"Nitawaonyesha, babu."

"Wewe mwenyewe umeshamwona?"

"Bado."

"Haya. Kwanza muonane, ndio umtambulishe kwa wageni."

Ni kweli. Msitu wa Ngorongoro tunauona ukiwa mlangoni kwetu, tembo wanashuka wanakula mahindi yetu, chui anakuja kuokota mbuzi, lakini kreta yenyewe kwa ndani wengi wetu tunaijua kwenye kalenda. Yeye pia hakuwahi kushuka. Alisema hana haja, mashimo yenye wanyama amechoka nayo, analo la kwake.

Watu walimtania sana kwa kitu kimoja: alikuwa anaogesha ng'ombe wa kata nzima, lakini yeye na maji hawakuwa marafiki. Uso alinawa kwa kiganja kimoja, kama anayemfuta mtoto. Mjomba wangu, ambaye ana ng'ombe wengi na maneno mengi kuliko ng'ombe, alikuwa akifika josho anauliza kwa sauti watu wote wasikie, "Mzee, zamu yako lini? Au wewe huna kupe?" Mzee anamjibu bila kuinua kichwa: "Kupe wangu ndiye huyu anayeongea." Watu wanacheka, mjomba anacheka kuliko wote, kisha anamnunulia chai. Ulikuwa mchezo wao.

Sauti ya kupigia kelele hakuwa nayo. Dawa ilikuwa imeila, miaka yote ya kuinama juu ya ule mvuke. Alichobaki nacho ni mluzi. Na hapa nieleze vizuri, maana mambo yote yaliyofuata yametokana na mluzi.

Kabla ng'ombe hajaingia joshoni lazima anyweshwe. Ana kiu kutoka njiani, vumbi limemjaa, ukimwingiza vile vile atainywa dawa. "Ng'ombe mwenye kiu haogi," alisema, "anakunywa." Kwa hiyo kando ya josho pana birika refu la saruji, na pale Mzee wa Josho anasimama na kupiga mluzi wa kunyweshea, ule ambao wachungaji wa huku wote wanaujua, wawe Wairaqw, wawe Wamaasai. Hauna wimbo. Ni sauti moja ndefu, ya chini, kama upepo unaopita chini ya mlango. Ng'ombe akiusikia anatulia, anashusha kichwa, anavuta maji mpaka mbavu zinafunguka. Akiacha kupiga, ng'ombe anainua kichwa kama aliyeambiwa imetosha. Nimemwona anapiga mluzi ule mchana mzima bila kupumzika, macho ameyafumba, na nadhani hiyo ndiyo saa pekee alipokuwa hajachoka, ingawa mwenyewe ungemuuliza angekataa.

Na kofia. Alikuwa na kofia ya pama, ya ngozi ngumu, nyeusi zamani. Hakuivua. Kanisani walimwambia mwanamume haingii na kofia, akasema sawa, akawa anasali dirishani kwa nje, mvua ikinyesha ananyeshewa, sadaka anapenyeza kwenye nondo. Alipokuja mkubwa mmoja wa serikali kukagua josho, watu wote wakashika kofia mkononi, yeye akashika mti wake wa kukorogea. Wengine walisema ana kovu la pembe. Wengine walisema ni dawa ya mganga. Mama yangu alisema ni ukaidi, na kwa ukaidi hakuna dawa, hata ya mganga.

Basi, mbwa.

Mbwa alikuja ndani ya shuka. Kijana mmoja wa Kimaasai alitoka Olbalbal na ng'ombe wa kuuza mnadani Karatu, akapita kwanza joshoni kuwaogesha, na kifuani kwake pakawa panatikisika. Akafungua shuka, akatoa kitoto cha mbwa cha rangi ya majivu, mbavu tupu.

"Babu, mchukue huyu. Kwetu chini maji hakuna, mama yake amekufa. Huku kwenu kuna maji."

"Mimi nimechoka, kijana wangu. Sitaki mbwa."

Kijana akamweka chini. Yule mbwa akatembea kwa kuyumba mpaka kwenye birika, akapanda tofali, akachungulia, akatumbukia. Tukapiga kelele. Alipoibuka alikuwa anaogelea, macho yametoka, kama mtu aliyesikia sifa za mji kisha akaufikia. Ng'ombe waliendelea kunywa pembeni yake. Mzee aliacha mluzi wake katikati. Akamtoa kwa mkono mmoja, akamfuta na koti.

"Aliyezaliwa kwenye kiu," akasema, "huyu mtasumbuka naye."

Akasema mtasumbuka, lakini mbwa akalala kwake usiku ule na kila usiku. Watu wakamwita Bata. Yeye alimwita Mbwa. Bata alikua karibu na lile birika, kila Alhamisi yumo miguuni mwa ng'ombe, mluzi unapigwa, maji yanamwagika, naye analamba, anaoga, anacheza. Mvua ikinyesha analala kwenye dimbwi. Mama akifua, yumo kwenye beseni. Nilimpenda kupita kiasi. Nilisema nikipata gari langu nitamweka kiti cha mbele, na watalii watakaa nyuma.

Alipokuwa mdogo aliogopa josho, ule ukingo ni mrefu. Akakua. Alhamisi moja, ng'ombe wa mjomba ndio waliokuwa wanaruka, Bata akapanda uchochoroni nyuma ya dume jekundu, akafika ukingoni, akasimama. Tulimwona wote. Alikuwa anasitasita, mguu mmoja juu. Mzee wa Josho akaweka vidole mdomoni, hapana, hakuweka vidole, alikunja midomo tu kama kawaida yake, akapiga mluzi kumwita arudi.

Bata akaruka.

Alizama, akaibuka katikati ya pembe, akameza yale maji. Alipotoka upande wa pili hakukung'uta manyoya, alikaa chini tu. Povu likamtoka, miguu ikaanza kutetemeka. Tulimwosha kwa sabuni ya mche na maji ya birika, mama aliimwaga hata sufuria yake ya chai achukue maji safi. Bwana mifugo alikuja na pikipiki yake, akamchoma sindano, akakaa naye mpaka jua likainama, mtu mwema sana yule. Wakati wa kuondoka akamwambia mzee taratibu:

"Safari hii ana bahati. Akimeza tena hivi, usiniite mimi. Ita mwenye jembe."

Tatizo lilikuwa hili. Josho halifungwi kama duka. Dawa inakaa mle wiki nzima, na nyumba ya mzee iko hatua chache kutoka pale. Ungesema amfunge mbwa kamba. Lakini huku kwetu chui anashuka, na mbwa aliyefungwa usiku ni chakula kilichotengwa mezani. Kamfunga mchana, akatafuna kamba. Tukawa tunamsaidia Alhamisi kwa kumfungia Bata kwenye kibanda chetu cha mabanzi, analia mle mpaka wateja wanauliza tumemfunga nani. Siku zile nyingine hakukuwa na njia ila moja: aitwe, na akiitwa aje.

Na hakuja. Hilo ndilo lililomchosha mzee kweli kweli. Bata alikuwa mbwa mwelekevu kwa mambo mengine yote. Lakini akiwa majini au anayaelekea, mzee akipiga mluzi, ndio kwanza anazidi kwenda. Akipiga kwa nguvu, Bata anaingia kwa nguvu. Mjomba alifanya kazi ya kusimulia kijiji kizima: "Mzee ana mbwa wa kinyume. Mwambie mzee asimwite, labda atakuja."

Kuna siku Bata alitoka majini kwa hiari yake, amechoka kucheza, akaja mkia unapepea, na mzee kwa hasira za asubuhi nzima akamchapa fimbo. Bata hakulia. Alirudi nyuma, akatazama fimbo, akatazama maji, akaenda kwenye maji. Mzee alibaki na ile fimbo mkononi. Kisha akaivunja gotini, na fimbo ilikuwa ngumu, ilimpa shida, ilibidi aivunje kwa vipindi.

"Kaja, nikampiga," akaniambia. "Wewe ungekuja tena?"

Ukweli wa yale mambo ulijulikana penye birika, na ulikuja kwa mzaha wangu. Ng'ombe walikuwa wamepangana wananyweshwa, mzee anapiga mluzi wake mrefu macho yamefumba. Bata alikuwa amelala kivulini kwa mama, usingizi wa pono; siku hiyo tulikuwa bado hatujamfungia. Mluzi ulipoanza akainuka, akaja moja kwa moja, akapenyeza kichwa kati ya ng'ombe wawili, akashusha pua majini kama wao. Mluzi ukakatika, akainua kichwa kama wao. Nikacheka sana.

"Babu, fumbua macho! Huyu naye ni ng'ombe!"

Mzee akafumbua macho. Akapiga mluzi tena, mfupi. Bata akashusha kichwa. Akanyamaza. Bata akainua. Mimi nilikuwa bado nacheka, mpaka nilipouona uso wake.

"Sikumfundisha kuja," akasema. "Tangu mdogo namwambia maji, maji, maji. Pale ukingoni... mimi ndiye niliyemrusha."

Hakupiga tena mluzi siku ile. Ng'ombe walikunywa kwa kusuasua, wenyewe wakanung'unika. Alhamisi iliyofuata hakupiga, na iliyofuata. Alijaribu kuwanyweshea kwa kuyagonga maji kwa kiganja, kazi ya kuchosha mkono na isiyo na baraka. Mjomba akamwambia, bila utani safari hii, "Mzee, unaacha mluzi kwa ajili ya mbwa?" Akajibu, "Ng'ombe wakisikia kiu watakunywa. Huyu akisikia mluzi atakufa." Mimi nilikuwa nayageuza mandazi nikamwona anakunja midomo, anaikunjua. Mazoea. Anakunja, anakunjua.

Masika yakaja, na chini ya josho, korongoni, likajaa dimbwi zuri lenye matete. Maji matupu, bila dawa. Mzee akanunua kamba ndefu ya katani, mfuko wa koti akajaza dagaa wakavu na ukoko wa ugali, mpaka paka wa majirani wakawa wanamsindikiza. Kila jioni akashuka na Bata.

Alianza kwa kupiga makofi. Mbwa hasikii, anaogelea. Akajaribu kuita kwa sauti, ikatoka pumzi tu. Akagonga debe. Bata akalitazama debe, akaendelea. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, nakula kashata, natoa maoni yasiyoombwa. Mvua ikaanza rasharasha. Mzee alichoka, nakuambia alichoka. Akasema neno la Kiiraqw ambalo mama hapendi nilijue, akaishika ile kofia, akaivua, akaipiga kwenye buti lake la mpira kwa hasira. Pwaa! Pwaa!

Nikaacha kutafuna. Kilikuwa kichwa tu, kipara, cheupe kidogo kuliko uso, kimezungukwa na mstari wa kofia kama chungu kilichotiwa alama. Kovu hakuna. Dawa ya mganga hakuna. Na Bata, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuona kile kichwa, aliacha kuogelea, akakiangalia, akaja mbio kwenye matope kuja kukichunguza. Alimpanda kifuani, akamnusa utosini.

Mzee alikaa chini kwenye tope, mvua inamnyeshea kipara, mbwa anamlamba. Akatoa dagaa. Kisha akafanya kitu ambacho sikukielewa. Akamwonyesha dimbwi kwa mkono. "Haya, nenda." Bata akarudi majini kwa furaha.

"Babu! Si amekuja? Mbona unamrudisha?"

"Tulia wewe."

Akapiga tena kofia kwenye buti. Pwaa! Akaja. Dagaa. Haya, nenda. Ikawa ndiyo jioni zao. Mjomba alishuka kuangalia, akakunja mikono. "Sasa unamwita aje ili umwambie aende? Si bora umwache huko huko?"

Mzee akamuuliza, "Kijana wako ukimwita, unamwitia nini?"

"Kumtuma."

"Kuni?"

"Kuni, maji, kutafuta ndama."

"Anakuja?"

Kijana huyo wa mjomba anajulikana Ganako nzima kwa uziwi. Mzee akasema, "Mbwa haji kwa sababu kuja ni mwisho wa raha. Mimi namwonyesha si mwisho. Kuja ni kupita tu."

Na alikuwa na kanuni nyingine: usimkimbilie. Ukimkimbilia mbwa, anadhani mnacheza, anazidi mbele. Piga kofia, kisha geuka, uondoke zako polepole. "Mbwa hufuata mgongo," alisema. "Sura yako anaijua, haimsumbui. Mgongo unamtia wasiwasi." Mara nyingi nilimwona anapanda kilima kile, kipara nje, hatazami nyuma, na nyuma yake Bata anachuruzika, pua karibu kabisa na mabuti yake. Baada ya muda kamba haikuhitajika.

Wambea walipata kazi. Hakumvulia Mungu kofia, hakumvulia serikali, amemvulia mbwa. Mchungaji wa kanisa akamwita, tukajua sasa yamefika. Mchungaji akamuuliza tu ni kweli mbwa anakuja? Mzee akasema anakuja. Mchungaji akacheka mpaka akashika kiti, akamwambia ukiweza kumvulia mbwa, ndani kuna nafasi benchi la mwisho. Jumapili ile mzee akaingia. Aliketi na kofia gotini, na kila mtu akikohoa, anaangalia mlangoni kama Bata amefika.

Lakini dimbwi si josho. Sote tulijua, naye alijua kuliko sote. Siku ya siku hatukuipanga. Ilikuwa Alhamisi ya kiangazi, vumbi, ng'ombe wengi, kengele, wachungaji wanapiga miluzi yao kila upande kunyweshea, hakuna aliyekumbuka kuwakataza. Nikasikia mlango wa kibanda chetu unavunjika. Bata alikuwa amesukuma ubanzi mmoja baada ya mwingine. Alipita kati ya miguu ya ng'ombe kama mshale, akapanda uchochoroni, mbele yake ndama mmoja, mbele ya ndama maji ya chai iliyochacha. Mimi nilipiga kelele. Kila mtu alipiga kelele, na kelele zote zilikuwa za bure.

Pwaa! Pwaa!

Mzee alikuwa upande wa kutokea, mbali, ng'ombe waliolowa wanampita. Alikuwa amevua kofia. Alipiga mara hizo tu, kisha akageuka. Akatupa mgongo sote, mbwa, josho, ndama, akaanza kutembea kuelekea nyumbani kwake polepole kama mtu anayekwenda kulala. Mgongo ulikuwa unatetemeka, niliuona mpaka kwenye koti.

Bata alikuwa ukingoni. Mguu juu, kama siku ile. Miluzi inalia, maji yananukia. Akaangalia maji. Akageuza kichwa akautafuta ule mgongo, akauona unaondoka. Akarudi kinyumenyume kwenye ule uchochoro mwembamba, dume moja likamkanyaga, akalia, akatoka, akamkimbilia mzee akichechemea.

Mzee akachuchumaa. Alitoa dagaa, kisha akamshika kwa mikono yote miwili, akambeba, mbwa mkubwa vile, mpaka korongoni, akamtia kwenye kidimbwi kilichokuwa kimebaki. Haya, nenda. Tuliendelea kuuza chai. Mjomba alilipa chai ya watu wote waliokuwepo, hakutaka kuulizwa kwa nini.

Miaka imepita tangu siku ile. Kikohozi cha dawa kilimeza vikohozi vile vingine vyote. Mwaka huu binti yake alikuja kumchukua akaishi naye Arusha, karibu na hospitali. Vyumba viwili vya kupanga, na mwenye nyumba hataki mbwa. Binti aliomba radhi kwetu kama vile nyumba ni yake. Mzee mwenyewe hakubishana. Alisema amechoka kubishana tangu zamani.

Wiki nzima kabla ya kuondoka alinifundisha. Nimevaa mabuti yake, makubwa, nimetia matambara mbele. Kofia mkononi mwangu. Yeye anajificha nyuma ya ukuta wa josho, anabana kikohozi, mimi napiga. Mwanzoni Bata, ambaye naye sasa ana mvi puani, alitoka majini akanipita akaenda moja kwa moja nyuma ya ukuta. Mzee anamrudisha. "Siyo mimi. Yule pale." Mpaka jioni ya mwisho akawa anakuja kwangu, ingawa kwa kuangalia pembeni.

"Josho litapata mtu mwingine," mzee akaniambia, "naye atapiga mluzi, ni haki yake, ng'ombe lazima wanywe. Kwa hiyo uwe karibu Alhamisi."

"Nitakuwepo, babu."

"Na hilo gari lako la watalii likija?"

"Atakaa kiti cha mbele."

"Mfungulie dirisha," akasema. "Na ukiona maji njiani, simama kidogo."

Pikapu ya kuwapeleka stendi Karatu ilikuja asubuhi. Kitanda, godoro, sanduku. Yeye alivaa viatu vya kanisani vilivyombana, kichwa wazi, baridi ya huku unaijua. Nikamwamkia. "Marahaba," akasema, akaishia hapo. Binti akamwita mbele akae kwa dereva. Akakataa. Akapanda nyuma, akakaa juu ya godoro akitutazama sisi, mgongo ameuelekeza kule gari linakokwenda. Binti akadhani ni kutuaga. Mimi nilielewa. Hakutaka Bata auone mgongo wake.

Bata alikuwa korongoni. Gari lilipowaka akatoka, maji yanamdondoka, akasimama barabarani akitazama. Gari likaanza kwenda. Uso wa mzee ukawa unasogea mbali, unasogea tu, na Bata akaanza kutembea, kisha kukimbia. Mzee alinyanyua mkono kwenda kichwani, akakuta hakuna kofia, akaushusha.

Nikapiga kwenye buti. Pwaa! Bata anakimbia. Pwaa! Akageuza sikio moja, hakusimama. Mimi nilitaka kumkimbilia. Miguu ilikuwa imeshaanza, mabuti yananivuka. Nilitaka pia kumwangalia yule mzee mpaka kona, angalau hilo, maana nilijua sitamwona tena.

Nikageuka. Nikawapa mgongo wote wawili, nikaanza kutembea kuelekea josho polepole, kama mtu asiye na haraka, machozi yananiingia mdomoni. Nyuma nikasikia gari linabadilisha gia kwenye mlima. Nikasikia halisikiki. Hatua, hatua nyingine, vumbi, mabuti yake yanagonga visigino vyangu.

Kisha nikasikia pua ya baridi nyuma ya goti.

Nikampa dagaa wake. Wengine wakaanguka, akawaokota. Bado kanuni ilikuwa haijaisha, na hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu. Barabara ilikuwa wazi pale pale. Nikamwonyesha kwa mkono, nikasema kama nilivyofundishwa.

"Haya, nenda."

Akaitazama barabara. Akanitazama mimi. Kisha akashuka korongoni taratibu, mzee wa watu, akaingia kwenye maji.